Gazeti linataka picha yangu ya moto, nisaini fomu yao?

Chipukizi_wa_Kamera: Wakuu, habari za humu. Mimi si mwandishi wa habari, napiga picha kwa mapenzi tu. Kukiwa na maandamano, mafuriko au ajali, nabeba kamera na lenzi yangu ya 18-55, ile ya kawaida isiyovuta mbali, naenda. Juzi jioni nyumba imeungua, nikapiga, nikaweka picha moja mtandaoni. Sasa mhariri anaitaka kwa ukurasa wa mbele. Hawalipi, ila jina langu litaandikwa. Kanitumia na fomu. Nisaini? Anataka jibu leo.

Kipande_cha_Nuru: Soma fomu kwanza. Ikisema unawahamishia hatimiliki, picha si yako tena. Wape ruhusa ya kuitumia mara moja, basi. Na kuiweka mtandaoni si kuigawa bure. Tetemeko la Haiti la 2010, mpiga picha Daniel Morel aliweka picha zake Twitter, shirika la habari la AFP na lile la picha la Getty wakazisambaza bila idhini yake. Mwaka 2013 mahakama ya New York iliwaamuru wamlipe dola milioni 1.2.

MzeeWaMkanda: Enzi za mkanda ulikuwa na fremu 36, unafikiri kabla ya kubonyeza. Niliwahi kungoja kutwa nzima kwenye mto uliofurika nikiwa nimebakiza fremu mbili, na moja ikatoka gazetini. Walinilipa! Jina halinunui betri, kijana. Dai chako.

Dada_Mwema: Kwani picha yenyewe inaonyesha nini?

Chipukizi_wa_Kamera: Moshi, na mama mwenye nyumba amekaa chini analia. Uso wake umejaa fremu. Ila nilikuwa ng'ambo ya barabara, sikumsumbua mtu.

Mdadisi: Hapo nakataa. Kwa 18-55, hata ukivuta hadi 55, mtu wa ng'ambo ya barabara anaingia mzima na nafasi inabaki. Uso ujae fremu vipi? Ama picha si yako, ama hadithi umetunga. Weka faili halisi tuone taarifa zake.

Cheko_Tele: Labda hiyo barabara ni ya sisimizi 😂

Kipande_cha_Nuru: Mdadisi yuko sahihi kudai faili, hata wahariri hudai. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters waliachana na mpiga picha Adnan Hajj na kuondoa picha zake zote, baada ya kubainika kwamba moshi wa Beirut kwenye picha yake moja umeongezwa kwa kompyuta.

Chipukizi_wa_Kamera: Picha ni yangu na sijaigusa. Sawa, nilisogea, hatua chache tu kutoka kwake. Akaniambia, "Mwanangu, usinipige, futa hiyo." Nikaitikia kwa kichwa, sikufuta. Lakini ilikuwa barabarani, mahali pa wazi, hakuna sheria niliyovunja. Na bila picha ile nani angejua shida yake? Watu wakiiona watamchangia. Halafu faili mhariri anayo tangu asubuhi, imebaki fomu tu.

Dada_Mwema: Kumbe hilo ndilo ulilolificha! Uliitikia, kwa hiyo ulimpa neno lako. Mtu ameunguliwa na nyumba, kakuita mwanangu, kakuomba kitu kimoja. Kama unataka achangiwe, nenda ukamuulize mwenyewe anataka kuchangiwa vipi.

Mdadisi: Kwanza ng'ambo ya barabara, sasa hatua chache. Tukimbana zaidi atakuwa alikuwa ndani ya nyumba. Wadau, huyu ni mwanafunzi wa uandishi, tunamfanyia zoezi lake la maadili.

Cheko_Tele: Basi tugawane maksi.

Chipukizi_wa_Kamera: Sisomi chuo chochote. Nimeomba ushauri wa fomu, mmenigeuzia kesi.

MzeeWaMkanda: Tuliza moyo. Ulipiga hiyo moja tu?

Chipukizi_wa_Kamera: Zipo za zimamoto na mipira yao, na moja ya mama kwa nyuma, ameinamisha kichwa, moshi mbele yake. Ila haina nguvu kama ile. Na mhariri ile ndiyo aliyoipenda.

Kipande_cha_Nuru: Hiyo ya nyuma inatosha kabisa. Mwandikie sasa hivi, kabla gazeti halijaenda mtamboni: hujasaini, na picha ya uso hujaitolea ruhusa. Mtumie ya nyuma na maelezo yake, nini kimetokea, wapi, lini. Jina la mama usiliweke mpaka akubali.

Chipukizi_wa_Kamera: Akikataa hiyo ya nyuma?

MzeeWaMkanda: Atatumia ya zimamoto. Ukurasa wa mbele hauendi mtupu.

Mdadisi: Faili halisi bado naisubiri.