Mbwa wangu ana sugu chini ya kidole na anachechemea: je, kuna tiba ya kudumu?

MamaKijivu: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina mbwa jike wa aina ya Greyhound ambaye anachechemea mguu mmoja wa mbele. Akiwa kwenye majani huwezi kujua kwamba ana tatizo, lakini akikanyaga saruji au changarawe anaunyanyua mguu papo hapo. Nilipouosha mguu huo niliona, chini ya kidole kimoja cha kati, kiduara kigumu cha rangi ya kijivu chenye mpaka ulio wazi, ambacho nikikibana pembeni anauvuta mguu kwa nguvu. Daktari wa mifugo aliikwangua sugu hiyo, akapata nafuu, lakini sasa imerudi. Je, inaweza kuondoka kabisa? Nimeshauriwa pia nimpake dawa ya sugu ya binadamu, nami nasita.

TabibuWaMifugo: Pole sana kwa kuuguza. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu lina hatari: usimpake. Dawa nyingi za aina hiyo zina asidi ya salisiliki, ambayo huunguza ngozi yenye afya iliyo jirani, na mbwa akiilamba inaweza kumdhuru tumboni. Vivyo hivyo usimpe ibuprofeni wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na daktari ndiye wa kupanga kipimo.

Kuhusu kurudi kwake, sugu ya mbwa si ngozi ngumu ya juu tu, bali ina kiini kinachozama ndani ya wayo, yaani ule mto laini wa chini ya kidole, na kila hatua hukisukuma kwenye nyama. Jamii ya Greyhound ndiyo inayoathirika zaidi, na kwa kawaida ni vidole viwili vya kati, ambavyo hubeba uzito mkubwa. Baadhi ya sugu zimekutwa na kirusi cha papiloma, kile kinacholeta chunjua, na nyingine huanzia kwenye kovu au kitu kilichochoma na kubaki ndani, lakini mgandamizo ndio unaozikuza. Ndiyo maana hata ikikatwa yote kwa upasuaji, mara nyingi huota tena palepale. Je, alipigwa eksirei? Ni vizuri kuhakikisha kwamba hakuna mwiba wala ugonjwa wa mfupa au wa kiungo uliojificha nyuma ya sugu hiyo.

MfugajiMstaafu: Wangu aliishi na sugu kwa muda mrefu na alikuwa na raha. Siri ilikuwa kutongoja mpaka achechemee. Daktari alinionyesha namna ya kuulainisha wayo kwa maji ya uvuguvugu, kisha kukitoa kiini kidogo kidogo kwa kufuata mpaka wake, bila kufika kwenye nyama hai. Kazi hii ikifanywa vizuri haitoi damu. Dada, usijaribu kabla hujaonyeshwa. Baada ya hapo nilikuwa nikimpaka mafuta ya mgando na kumvisha kiatu chenye soli laini anapotoka, ambacho nilimvua mara tu tuliporudi, kwa maana unyevu ukikaa ndani huleta vidonda kati ya vidole.

MamaKijivu: Asanteni sana. Eksirei hakupigwa, nitaiomba. Kuna mtu aliniambia kwamba kidole kikikatwa shida inaisha. Ni kweli?

TabibuWaMifugo: Shida ya kidole hicho huisha, lakini uzito wake huhamia kwenye kidole jirani, na sugu mpya inaweza kuota hapo. Mimi naliweka jambo hilo mwisho kabisa. Kabla ya kufikia huko, muulize daktari wako kuhusu upasuaji wa kukata kano ya juu, yaani ile iliyo karibu zaidi na ngozi, inayokunja kidole hicho. Kano ikikatwa, kidole hulala zaidi na ncha ya wayo haigandamizwi tena chini, hivyo maumivu hupungua na sugu yenyewe hunywea polepole, nyingine hata hutoka zenyewe. Si kila mbwa anafaa, na umbo la kidole hubadilika kidogo, lakini kidole kinabaki. Mtafute daktari aliyewahi kuufanya, na umkumbushe mapema kwamba mbwa wako ni Greyhound, kwa kuwa jamii hiyo huchelewa kuamka kutokana na baadhi ya dawa za nusukaputi.

MamaKijivu: Nimeelewa, Daktari. Kwa sasa namtembeza kwenye majani tu, na nitaomba miadi ya eksirei.