Tupeane uzoefu: Kuuza linki kwenye tovuti yako, uliamuaje?

Shamba_Mvomero
Wakuu, habari za jioni. Nina tovuti ya kilimo na ufugaji, nimeilea kwa miaka. Kurasa zinazosomwa zaidi ni mbili: ya kudhibiti kantangaze kwenye nyanya, na ya chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji. Tangu zianze kutokea juu kwenye Google, barua pepe hazikatiki. Mtu anakusifia kwanza, anauliza bei, halafu yanakuja masharti: linki iwe dofollow (yaani ya kawaida, ambayo Google huihesabu), pasiandikwe popote kuwa ni tangazo, ikae milele.

Ya juzi ndiyo imenifanya nifungue uzi huu. Jamaa anatoa dola 60 kwa linki moja. Makala mpya hataki. Anataka niingize sentensi kwenye ukurasa wa kideri, chini ya pale ninapoeleza jinsi ya kudondosha tone moja la chanjo kwenye jicho la kuku: "Baada ya kazi za bandani, wafugaji wengi hujiburudisha na kasino za mtandaoni." Neno kasino ndilo libebe linki.

Hiyo hela kwangu si ndogo, inalipia kuhifadhi tovuti na chenji inabaki. Ila wanaosoma ukurasa ule ni watu ambao kuku wao wanakufa. Aliyepitia haya naomba atueleze aliuza au alikataa, na kilichofuata.

Fundi_Waya
Mkuu, mimi nilikuwa nahudumia tovuti ya redio moja, jina naliacha. Ofisi ya masoko ilikuwa inauza linki kwa mawakala wa nje na mimi naletewa makala za kupandisha tu. Nilieleza hatari yake kwenye kikao, nikaambiwa mapato yanahitajika.

Siku moja nafungua Search Console, ukurasa ambao Google huwaandikia wenye tovuti, nakuta ujumbe kwenye sehemu ya adhabu za mkono, yaani mtu wa Google amekaa akaikagua tovuti, si programu. Umeandikwa kwamba kuna linki zisizo za asili zinazotoka kwetu. Habari zetu zilizokuwa zinatokea ukurasa wa kwanza zikazama.

Kazi iliyofuata ndiyo watu hawaisimulii. Lazima uzitafute linki zote zilizolipiwa, moja moja, ndani ya habari za zamani. Na hakuna aliyekuwa ameweka orodha! Nyingine zimefichwa kwenye neno "hapa" au kwenye nukta. Unazifuta au unaziwekea alama ya nofollow, inayoiambia Google isizihesabu, halafu unaandika ombi la kukaguliwa upya ukieleza ulichofanya. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa sababu kuna tulizozikosa. Huku nako wanunuzi wanadai hela zao, maana waliahidiwa milele. Adhabu iliondolewa mwishowe, lakini wasomaji hawakurudi kwa idadi ile.

Mtu_wa_Kariakoo
Mimi nauza na sijawahi kuadhibiwa, tusitishane. Nina tovuti ya simu na kompyuta. Nimejiwekea masharti: kasino sichukui, mikopo ya haraka sichukui, na milele haipo, ni mwaka mmoja tu. Na kila mwezi nazifungua zote nione zinakwenda wapi. Hilo la mwisho msilipuuze. Kuna linki ya duka la laptop niliyoiuza, jina la tovuti yao likaisha muda, likanunuliwa na watu wa kamari. Msomaji wangu anabonyeza akitafuta chaja, anatua kwenye kamari. Niliiondoa siku hiyohiyo.

Neema_Kodi
Kuhusu malipo, muwe macho. Wakala anakwambia weka linki kwanza, atalipa ikishaonekana Google. Ikionekana, kimya. Na kwa sisi wa Tanzania PayPal inatuma tu, haipokei, kwa hiyo wanatumia hiyo kama sababu ya kuchelewesha: "sina njia nyingine ya kukulipa, nitafutie akaunti ya mtu wa nje." Mimi siku hizi fedha kwanza, na hiyo peke yake imepunguza wateja.

Mwl_Takwimu
Tusisahau kwa nini linki ina bei. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, mfumo wao ulihesabu linki kama kura: tovuti ikikuelekeza kwingine, imethibitisha kwamba huko kuna kitu. Anayekulipa na kukukataza kusema ni tangazo ananunua kura yako, na wasomaji hawajui.

Google wamelikazania hili. Januari 2012 waliushusha ukurasa wao wenyewe wa Chrome kwa siku 60 baada ya kampeni ya makala za kulipiwa kugundulika. Februari 2013 wauza maua wa Interflora walitoweka kwenye utafutaji huko Uingereza, na magazeti ya mikoani yaliyowauzia linki yalishushwa pia. Kwa hiyo muuzaji naye hufikiwa, siyo mnunuzi pekee. Ndugu wa Kariakoo, kutokuadhibiwa kwako kuna maelezo mengine pia: tangu Desemba 2022 mfumo wao uitwao SpamBrain unatambua linki za kununuliwa na kuzifuta thamani bila kukutumia ujumbe wowote. Unaweza kuwa unauza kitu ambacho hakimsaidii tena mteja wako.

Mtu_wa_Kariakoo
Mwalimu, hilo silipingi. Wateja wawili wameacha kuongeza mkataba wakisema hawaoni matokeo.

Binti_Kilindini
Hamjambo. Mimi niko Mombasa, tovuti yangu ni ya safari za pwani. Nauza nafasi, na nauza kwa uwazi. Juu ya sehemu ile naandika TANGAZO kwa herufi kubwa, na ndani ya msimbo (code) wa linki naweka alama ya sponsored, ile Google waliyoileta Septemba 2019 kwa ajili ya linki za kulipiwa. Ukiiweka, hujavunja sheria yao ya linki za kulipiwa.

Niliyoyaona: nikiwatajia mawakala wa ng'ambo alama hiyo, wanapotea papo hapo. Lakini mwenye mashua ya kupeleka wageni Wasini, au mwenye vyumba Diani, hajawahi kuniuliza habari ya alama. Yeye ataka simu ilie. Ananilipa kwa M-Pesa, na mgeni akifika humuuliza alimpata wapi. Kwa hivyo kaka wa Mvomero, mjibu huyo jamaa kwamba utaweka linki na alama, usikie atasemaje. Jibu lake litakuonyesha alichokuwa akinunua. Ila hiyo sentensi ya kasino katikati ya chanjo, mimi singeiweka hata kwa alama.

Shamba_Mvomero
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Nilimjibu kama dada alivyosema: linki nje ya maelezo ya chanjo, imeandikwa tangazo, ina alama. Akapandisha hadi dola 90 nisiweke alama. Nikakataa. Hajajibu tena.

Leo nimepita kwa mwenye duka la pembejeo hapa mjini Morogoro, nikamwonyesha kwenye simu ukurasa wa kideri na idadi ya wanaousoma. Chanjo anayo kwenye friji, na wafugaji humpigia kuuliza kama ipo. Ameuliza bei ya kukaa pale na sikuwa na jibu. Dada Binti_Kilindini, unatoza kwa mwezi au kwa mwaka?

Binti_Kilindini
Anza kwa mwezi, kaka, na umwekee namba ya simu iliyo peke yake kwa tangazo hilo, ili ahesabu mwenyewe wanaopiga. Bei ya mwaka mtaijadili akishaona.