HBsAg imesoma chanya, kurudia ikasoma hasi: chupa itoke au itupwe?

Pipeti: Wakuu, naomba mwongozo. Sampuli ya mchangiaji damu imesoma chanya hafifu kwenye ELISA (kipimo cha rangi) ya HBsAg, yaani protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B, juu kidogo tu ya mpaka wa chanya na hasi. Tumerudia kisima kimoja (kitundu cha sahani ya kupimia), hasi. Homa ya ini C, VVU na kaswende vyote hasi. Chupa, yaani mfuko wa damu yake, itoke kwa mgonjwa?

Seramu: Kisima kimoja hakitoshi, mkuu. Rudia viwili kutoka tyubu ileile. Hata kimoja kikisoma chanya, chupa imekwisha: seli nyekundu, plazma na chembe sahani zote zinateketezwa. Vyote viwili vikiwa hasi, inahesabiwa hasi, ila kwa maabara yenye udhibiti wa ubora unaoaminika. Pasipo huo, WHO inashauri chanya ya kwanza tu itoshe kuitupa. Mfuko ukae karantini muda wote huo, si rafu moja na iliyokwisha kupita.

Kisima96: Kabla ya kurudia, ichunguze tyubu. Damu ikizungushwa kwenye sentrifuji kabla haijaganda sawasawa huacha nyuzi za fibrini. Zinanata kisimani, zinashika konjugeti (kemikali inayoleta rangi), na kuosha hakuziondoi; hiyo ndiyo chanya hafifu ya uongo. Damu inahitaji dakika 30 hadi 60 kuganda. Ukiona nyuzi, hamishia seramu kwenye tyubu safi, izungushe upya, unyonye ya juu. Halafu tazama visima jirani: kukiwa na chanya kali pembeni, shuku mruko wa matone kutoka kisima hadi kisima. Na kama ni safu nzima imeshika rangi, angalia sindano za kuoshea, huenda moja imeziba.

Pipeti: Kumbe dodoso linaonyesha alichanjwa homa ya ini B wiki iliyopita.

Seramu: Ungeanza na hilo! Chanjo yenyewe ni HBsAg, na huweza kuonekana kwenye damu kwa siku kadhaa. Alipaswa kuahirishwa pale pale kwenye dodoso. Chanya ikijirudia, chupa inatupwa vilevile, lakini msimwambie ana homa ya ini. Mwiteni baada ya mwezi, mchukue sampuli mpya, mpime HBsAg pamoja na anti-HBc, kingamwili dhidi ya kiini cha virusi. Chanjo haizalishi anti-HBc, maambukizi huizalisha.

Kisima96: Hapo sawa. Ila ingekuwa chanya kali iliyogeuka hasi, nisingelaumu fibrini wala chanjo. Ningekata kipande cha mrija wa mfuko nikapima damu iliyomo, maana huenda tyubu mbili zimebadilishana lebo, na mfuko wenye virusi uko tayari kwenye rafu ya kutoa.