Mjadala: Gari zilizoshushwa zizuiwe Kigoma, au tunamkamata asiye mwizi?

Mwenye mada, Mwanga

Wakuu, salaam. Vijiweni hapa mjini kumeanza kelele kwamba trafiki wakamate kila gari iliyoshushwa, yaani iliyopunguzwa kimo. Sababu wanazotoa: zinaziba njia kwenye matuta, zinakwaruza lami, na vijana wake hawana adabu. Hiyo ya mwisho naiacha, adabu haipimwi kwa sentimita.

Mimi nina Toyota Altezza, nataka kuishusha kidogo, na mfuko wangu ni wa mtu wa mshahara. Nimeshaulizia. Mmoja anasema tukate springi kwa grenda, kazi ya nusu saa. Mwingine ana springi fupi za mtumba, ananiambia shokapu zangu za zamani zinatosha. Wa tatu anataka niagize seti nzima Dar.

Msimamo wangu: ufupi wa gari peke yake siyo hatari. Hatari ni shokapu iliyokufa na springi iliyochinjwa, na hayo mawili yamejaa kwenye gari ambazo hazijashushwa hata kidogo, tena za abiria. Simama njia panda ya Mwandiga uangalie michomoko, zile gari ndogo za abiria, inayokwenda Manyovu. Gari ikivuka tuta, nyuma inadunda mara tatu, nne, ndipo itulie. Hiyo haina shokapu, ina mabomba matupu, na ndani watu wamebanana na mizigo, mbele yao milima na kona.

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi, kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu vya vavu kila tairi inapopanda na kushuka. Oili ikivuja au vavu zikichoka, tairi inaruka badala ya kushika barabara, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona. Sasa niambieni, tunazuia gari fupi au gari mbovu?

Mama wa Ujiji

Mwanangu, umesema vizuri ila unajitetea. Wenzako wakifika kwenye tuta wanalivuka kwa ubavu, tairi moja moja, gari imekaa mshazari katikati ya njia zote mbili. Nyuma yake kuna bajaji ina mgonjwa. Mimi hayo mavavu siyajui, najua nimechelewa. Na mvua zikianza, shimo likijaa maji, huyo wa gari fupi hajui kina chake. Anasimama, na sisi wote tunasimama naye.

Fundi, Katubuka

Mama, shikamoo. Hapo kwenye kuvuka kwa ubavu una haki yako yote, ila tusikimbilie kuzuia kabla hatujajua tunazuia nini.

Springi ukiikata haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia. Kama ina mizunguko 6 inayofanya kazi ukaondoa 1, ugumu unapanda asilimia 20. Kuna watu wanafurahi wakisikia hivyo, wanadhani wamepata springi ya mashindano. Lakini ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kitako chake, na tairi ikining'inia, springi inalegea, inaweza kuzunguka au kuhama kabisa. Wanaochoma kwa gesi ndio wabaya zaidi. Chuma kinapoteza ule ugumu kiliopewa kiwandani, gari inaendelea kushuka yenyewe, mara nyingi upande mmoja. Mteja akinijia na wazo hilo namrudisha nyumbani.

Springi fupi za kiwandani, kama za Tein, Eibach au H&R, zimepigiwa hesabu zibaki kwenye kitako hata tairi ikining'inia. Tatizo linahamia kwenye shokapu. Tuseme yako ina sentimita 8 za kushuka kabla ya kugota kwenye raba ya stopa. Ukishusha gari sentimita 4, umebakiza nusu. Kila shimo inagota, na shokapu iliyozeeka haichukui muda kumwaga oili.

Kwa hiyo mdogo wangu, kwa mfuko wako: kwanza shokapu mpya zote nne za kawaida, KYB zinakutosha. Hela ikibaki, springi za kushusha sentimita mbili, mbili na nusu. Isipobaki, acha springi zilizopo, utanunua mwakani. Kuanza na springi halafu shokapu baadaye usikubali, hata ukipewa bure. Kama unataka kushuka zaidi ya hapo, inabidi shokapu yenye mwili mfupi. Bilstein wanayo, inaitwa B8. Wengi wanaagiza B6 kwa kuchanganya, na hiyo ni ya gari yenye kimo cha kawaida. Bei yake lakini, utauza kochi.

Kwenye kuagiza, mwambie muuzaji pia kwamba Altezza nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS200. Utapata machaguo mengi kuliko ukitaja Altezza peke yake.

Mtumba? Siukatai kabisa. Isimamishe wima, isukume mpaka chini, iachie. Yenye gesi nzima inapanda yenyewe, taratibu, bila kushtuka. Ikibaki chini, gesi imeisha. Ikishuka kwa kurukaruka, imekwisha. Kisha pitisha kucha kwenye shafti, ile fimbo yake ya chuma: ukisikia vijishimo vya kutu, achana nayo, hivyo vitakula sili, raba inayozuia oili isivuje.

Na umsimamie fundi wako. Akiishika shafti kwa praizi ili isizunguke wakati anakaza nati ya juu, mwambie asimame hapo hapo. Huo mkwaruzo unachana sili, na shokapu mpya itavuja ukidhani umeuziwa bandia. Bolti za bushi za chini azikaze gari ikiwa imekanyaga ardhi, siyo ikiwa juu ya jeki, la sivyo raba inabaki imejisokota siku zote. Mwishoni alaimenti, yaani kunyoosha tairi, hasa Altezza: ukiishusha, tairi zinalala kwa ndani na kuliwa upande huo.

Dereva, Kasulu

Mnatusema michomoko kana kwamba tunapenda. Tajiri anataka hesabu yake jioni, hataki kusikia habari za shokapu. Nikimwambia nyuma inadunda ananijibu punguza mwendo. Nilinunua mpya, boksi lina jina kubwa la Kijapani, ndani bandia, haikumaliza hata masika ikalowa oili. Dukani wakanishangaa mimi. Sasa mkileta sheria ya shokapu, atakayelipa faini ya elfu 30 ni nani? Mimi, siyo tajiri.

Mdau, Ipuli, Tabora

Mbona hamwagusi walioinua? Huku tambarare hatushushi, tunaweka spesa, vipande vya kuinua gari, juu ya springi ili gari ivuke barabara za vumbi za Kaliua. Shokapu ni ile ile ya zamani, sasa inafanya kazi ikiwa imevutwa karibu na mwisho wake wa juu, na kila tairi ikishuka shimoni inagonga ndani. Mkizuia vimo, zuieni pande zote.

Mwenye mada

Mdau wa Tabora umenipunguzia maneno. Dereva, nakubali faini ikimwangukia dereva haitabadilisha kitu. Imfuate mwenye gari.

Ninachopendekeza ni hiki. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani gari zinakaguliwa, zinabandikwa stika. Taa zinaangaliwa, tairi zinaangaliwa. Mimi sijawahi kuona mkaguzi akikandamiza kona ya gari na kuiachia, wala kuinama kuangalia kama shokapu imelowa oili au springi ina ncha ya grenda. Haihitaji mashine. Gari ikipanda mara moja ikatulia, ipite, iwe fupi au ndefu. Iliyokatwa springi isipate stika, hata kama ni ya mkubwa. Na Mama wa Ujiji, anayevuka tuta kwa ubavu akamatwe kwa kuziba njia. Hilo silipingi.

Mama wa Ujiji

Na yako ikishashushwa utavuka vipi?

Fundi, Katubuka

Kwa sentimita mbili na nusu atavuka wima, mama, akienda pole na asijaze watu nyuma. Akifika nne atawashusha kwanza.

Dereva, Kasulu

Fundi, shokapu za nyuma za Probox unazo?

Fundi, Katubuka

Hapa sina, zinatoka Kariakoo. Njoo na za zamani tupime urefu na matundu ya bolti kabla hujatuma hela. Na uje na tajiri wako, nimkandamizie hiyo kona aone mwenyewe.