Kambi ya korali siku nne Kundelungu: nile nini, nijiandae namna gani?

Tena_Kampemba
Jambo bandugu. Naomba ushauri, tafadhali msinicheke. Mwezi huu wa saba korali (kwaya) yetu inaenda kambi kwenye mbuga ya Kundelungu, upande wa maporomoko ya Lofoi. Tuko watu 26. Programu imeishatoka: siku ya kwanza kusimika mahema, ya pili kushuka mpaka chini ya maporomoko na kupanda tena, ya tatu mpira na mbio, ya nne maombi na kurudi Lubumbashi. Chakula walichopanga ni bukari (ugali) mchana, bukari usiku, asubuhi mandazi na chai ya sukari nyingi, pamoja na kreti za soda. Mimi nimezoea kula kidogo kidogo, kwa saa zangu, na kutembea kila asubuhi. Nataka nile kwa afya na nisichoke mbele ya wengine. Nibebe nini? Wiki tatu zilizobaki nijizoeze vipi? Hata usingizi nimeukosa.

MwanaKamalondo
Ndugu, mlima haupandwi kwa saladi! Kula bukari yako. Mimi nitakuambia ya viatu. Tulienda matembezi ya darasa la mwisho, nikavaa viatu vipya vya kaka yangu, namba moja chini ya yangu. Kupanda, sawa. Kushuka, vidole vikagonga mbele mpaka kucha mbili zikawa nyeusi, nikarudi nimebebwa mgongoni na mwenzangu ambaye mpaka leo akiniona sokoni ananiuliza kama nimepona. Vaa viatu ulivyovizoea. Chakula kitakuja chenyewe.

Mama_Katuba
Mwanangu, sikiliza mimi. Beba ndakala (dagaa) kavu, karanga, maharage uliyokwisha kuchagua mawe. Matamba (majani ya muhogo) mabichi acha nyumbani, yanataka kupondwa na kuchemka muda mrefu, mtamaliza kuni za kambi nzima. Ndakala zikaange bila mafuta juu ya mbabula (jiko la makaa), moto mdogo, ugeuze mpaka zisikike kama majani makavu. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga. Ukifunga za moto zitatoa jasho ndani ya mfuko na siku ya pili zimeoza. Nimelisha wajumbe wa mkutano wa kanisa siku tano kwa ndakala za namna hiyo.

Kasapa_Mkimbiaji
Shida ya mtu wa Lubumbashi ni kwamba mji wetu ni tambarare. Unatembea saa mbili unadhani uko tayari, kumbe mapaja hayajawahi kushuka mteremko. Kinachoumiza kesho yake ni kushuka kuliko kupanda. Tafuta jengo la ghorofa tatu, panda na kushuka ngazi mara kumi, siku moja fanya, siku moja pumzika, ukiwa na begi mgongoni. Siku tatu za mwisho usifanye kitu kizito.

Yaya_Ruashi
Mdogo wangu, nimesoma mara mbili. Mtu hakosi usingizi sababu ya bukari. "Kwa saa zangu" maana yake nini? Kuna kitu umekiacha.

Tena_Kampemba
Sijaacha kitu Yaya. Ni mazoea yangu tu ya kula.

Yaya_Ruashi
Basi sawa. Ila ukitaka ushauri wa nusu habari, utapata nusu ya ushauri.

Tena_Kampemba
Haya. Niko na sukari. Mwaka wa saba sasa najichoma insulini, asubuhi na usiku. Koralini hakuna anayejua. Hata mchumba wangu hajui, na yeye tunaenda pamoja, kaka yake ndiye mkuu wa kambi. Familia zetu zitakaa kuongea mahari mwezi wa tisa. Nimeona watu wakisema "huyo mgonjwa atakulelea watoto mpaka lini." Basi nimepanga hivi: siku ya kushuka sitajichoma, maana kutembea kunashusha sukari kwenyewe. Usiku pia nitaacha, tunalala wanne hema moja, nitajichomea wapi? Siku mbili si kitu. Na pesa ya kambi nimeishalipa. Nilichouliza ni chakula, tafadhali turudi hapo.

Infirmie_wa_Usiku
Haturudi hapo. Mimi ni muuguzi, nimepokea watu waliosema "siku mbili si kitu." Mwili usio na insulini unaanza kuyeyusha mafuta yake, damu inakuwa na asidi: mtu anatapika, anapumua kwa nguvu, anapoteza fahamu. Hiyo haingoji wiki. Usiache kamwe. Kinachoweza kubadilika ni kipimo cha dozi siku ya kutembea sana, na hicho anakupangia munganga (daktari) wako kabla ya kuondoka, hukipangi mwenyewe ndani ya hema.

Pima kabla ya kushuka, pima mkiwa chini, pima kabla ya kulala. Sukari ikiwa chini ya 70 (mg/dl kwenye mashine), kunywa nusu chupa ndogo ya soda au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari katika maji, ngoja dakika 15, pima tena, halafu kula kitu cha kushiba. Kwa hiyo soda unazozilalamikia, moja iwe ndani ya begi lako kila wakati. Karanga za Mama Katuba ni nzuri kwa njaa, ila kwa sukari iliyoanguka ni za polepole, usizitegemee. Bukari usiikimbie, pima kwa ngumi yako, uijaze na maharage na mboga.

Na hili ulishike: baada ya kupanda mchana mzima, sukari inaweza kuanguka usiku, saa nane, saa tisa, wewe umelala. Mwezi wa saba kule juu ni baridi. Utatetemeka na kutoka jasho, mwenzako atadhani ni baridi tu, atakuongezea blanketi. Ndiyo maana lazima mtu mmoja ndani ya hema ajue.

Mama_Katuba
Na mchumba je? Mwanangu, unataka kuoa binti wa watu ukiwa umeficha sindano chini ya godoro? Mume wa dada yangu alificha presha yake. Tuliijua siku alipoanguka. Dada alilia ugonjwa, lakini zaidi alilia kwamba kaka za mumewe walijua na yeye hakujua.

MwanaKamalondo
Mama, mwacheni aende kambi kwanza, mahari ni mwezi wa tisa.

Mukaguzi243
Samahani, mimi siamini. Kwanza, insulini inataka friji. Huko Kampemba nina ndugu, umeme unaenda wiki mbili haurudi. Miaka saba ameiwekea wapi? Pili, mchumba hajawahi kuona hata sindano moja? Tatu, ameulizwa jambo moja tu, mara papo hapo ana kaka wa mchumba, mkuu wa kambi, mahari, kila kitu. Hizi hadithi zinatungwa ili watu wajibu.

Kasapa_Mkimbiaji
La friji hata mimi nimejiuliza.

Yaya_Ruashi
Mngemwacha ajibu.

Tena_Kampemba
Najibu, ingawa imeniuma. Friji hatuna. Nina vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa cha maji. Vinakaa dirishani penye upepo. Namwagia mchanga asubuhi na jioni. Ndani kuna kopo la maziwa lenye kifuniko, ndani ya kopo kichupa kimoja, pamba chini ili kisigonge. Nanunua kimoja kimoja, na tarehe ya kukifungua naiandika kwa kalamu ya bik kwenye kibandiko. Ukiingiza mkono wakati huu wa kiangazi unasikia ubaridi kama wa kisima. Mchumba amekiona chungu mara nyingi. Nilimwambia ni cha maji ya kunywa ya mama.

Kichupa nilichonacho nimekifungua tarehe 12. Naogopa barabara na joto la gari.

Infirmie_wa_Usiku
Huyo hatungi. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa karibu wiki nne kama hakipati joto kali, chini ya nyuzi 25 ni salama zaidi. Ndani ya gari kifunge katika kitambaa chenye unyevu, katikati ya nguo zako, kamwe si mbele kwenye kioo. Kambini hofu yako iwe baridi: insulini ikiganda hata mara moja, itupe. Usiku iweke ndani ya hema kati ya nguo. Na mbabula msiingize ndani ya hema hata mkitetemeka, makala (makaa) yanaua watu wakiwa usingizini.

Mukaguzi243
Chungu nimekubali. La mchumba bado.

Tena_Kampemba
Leo asubuhi nimeenda kwa munganga. Amenipunguzia dozi ya siku ya kushuka na ameniandikia saa za kupima. Rafiki yangu wa sauti ya besi, tunayelala naye hema moja, nimemwambia jana baada ya mazoezi. Alinyamaza, halafu akauliza soda itakaa mfuko gani wa begi. Mchumba bado. Jumapili tutatembea Katuba kwa shangazi yake, njiani nitamwambia.

Mama Katuba, ndakala nazitoa vichwa kabla ya kukaanga au baada?

Mama_Katuba
Kabla. Na Jumapili umwambie mnapoenda, msingoje kurudi.