Mwenzetu amechomwa na sindano maabara akaambiwa anawe kwa jiki: wajibu wa mwajiri unaanzia wapi?

Mleta mada (Mwanamaabara wa Mkoani)

Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Ninafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya kimoja huku mkoani, Tanzania Bara, na ninaomba ushauri wa wale wanaoufahamu usalama wa maabara pamoja na sheria zake.

Hivi karibuni mwenzangu, aliyekuwa zamu ya usiku peke yake, alimtoa mgonjwa damu kwa bomba la sindano la kawaida kwa kuwa vichupa vinavyovuta damu vyenyewe vilikuwa vimekwisha. Alipokuwa akiichomeka sindano kwenye kizibo ili aisukume damu ndani ya kichupa, iliteleza ikamchoma kidole gumba kupitia glavu. Alimpigia simu kiongozi wake, akaambiwa anawe kwa jiki na aendelee na kazi, kwani mgonjwa alionekana mwenye afya njema. Hakuna kilichoandikwa popote. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini kuambukizwa, alianza kesho yake jioni, tena baada ya sisi wenzake kumshinikiza.

Tukio hili limenifanya nitazame hali yetu upya. Hakuna hata mmoja wetu aliyechanjwa homa ya ini B. Makohozi tunayafungua katika chumba kile kile tunachopimia damu na mkojo, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi la barabarani na kiyoyozi kikiwaka kutwa. Je, ni yapi tunayoweza kuyadai kwa haki, na tuanzie kwa nani?

Mteknolojia Mkongwe

Mpe pole sana mwenzetu, nawe umefanya vyema kutolinyamazia jambo hili.

Nianze na jiki, maana ushauri huo nimeukuta katika maabara nyingi mno. Jeraha la sindano huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Halikamuliwi wala halimwagiwi klorini, kwa sababu klorini huunguza nyama na haijathibitika kuzuia maambukizi. Kinachofuata ni kushindana na saa. PEP huanzwa mapema iwezekanavyo, afadhali ndani ya saa chache za mwanzo, haipaswi kuvuka saa 72, na humezwa kwa siku 28 mfululizo. Mgonjwa hupimwa kwa ridhaa yake. Sura yake haitoi majibu ya kipimo chochote.

Wengi wetu huogopa VVU peke yake. Mchomo mmoja wa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza kwa takriban asilimia 0.3, ilhali kwa homa ya ini B, endapo aliyechomwa hana kinga, uwezekano huo ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea hali ya maambukizi ya mgonjwa. Isitoshe, virusi hivyo huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza katika damu iliyokauka juu ya meza kwa siku 7 au zaidi. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002, kwa hiyo wengi wa walio kazini leo hawakuipata utotoni. Dozi ni 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu katika mwezi wa sita, kisha kinga hupimwa mwezi mmoja au miwili baadaye. Kwa aliyechomwa, dozi ya kwanza ilitakiwa kutolewa ndani ya saa 24; ikiwa bado hajaipata, aende leo.

Ninaomba pia msimlaumu kwa uzembe. Chanzo cha mchomo huu ni vichupa kuisha stoo na mtu mmoja kuachiwa zamu nzima ya usiku, na taarifa yenu iyataje yote mawili.

Afisa Usalama

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama, kutoa vifaa kinga bila kumtoza mfanyakazi, na kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya zao kuhusiana na kazi wanayoifanya. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo yenye mamlaka ya kukagua. Ama fidia, iko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huwahusu waajiri wa umma na wa binafsi, na mchango wake hulipwa na mwajiri bila kukatwa katika mshahara.

Hapa ndipo kutoandika kunapoumiza. Endapo mwenzenu, Mungu amwepushie, atagundulika na maambukizi baadaye, atatakiwa kuonyesha kwamba siku alipochomwa hakuwa nayo na kwamba mchomo ulitokea kazini. Kwa hiyo vipimo vyake vya awali vya VVU, homa ya ini B na homa ya ini C vifanyike sasa na majibu yatunzwe, tukio liandikwe katika rejista likiwa na saa, mahali na aina ya sindano, na mwajiri atoe taarifa WCF. Barua ipitie kwa mkuu wa maabara kwenda kwa mganga mfawidhi, nakala mbaki nayo yenye mhuri wa kupokelewa. Mkikwama, chama cha wafanyakazi kina wajibu wa kuwasimamia; msiogope kukitumia.

Dada wa Kifua Kikuu

Wenzangu wamelieleza la sindano vizuri. Mimi nimeshtushwa zaidi na hicho kiyoyozi. Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya, huizungusha ile ile iliyomo, na vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa kadhaa. Hatari kubwa huwa pale unapofungua kikopo cha makohozi, unapoongeza dawa ya kuyayeyusha na unapokitikisa, hata kama kipimo chenyewe ni cha GeneXpert, mashine inayotambua vinasaba vya kifua kikuu, ambacho baada ya hapo hufanyika ndani ya katriji iliyofungwa.

Kazi hiyo itengewe meza yake kando ya dirisha lililo wazi, hewa iingilie nyuma yenu na kutokea mbele ya meza kuelekea nje, kamwe isielekee kwenye korido wanakokaa wagonjwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hewa ya chumba cha kazi hiyo ibadilike mara 6 hadi 12 kwa saa. Vumbi lina dawa: wavu dirishani na kufuta meza kila asubuhi. Mgonjwa naye atoe makohozi nje, mahali pa wazi, si chooni. Barakoa ya upasuaji haichuji vijidudu hivi ipasavyo. Dai N95, barakoa inayochuja chembe ndogo za hewani, inayoshika uso vizuri.

Mleta mada (Mwanamaabara wa Mkoani)

Ninawashukuru sana. Mwenzetu amepata dozi ya kwanza ya chanjo leo, na barua imepokelewa kwa mhuri. Kuna mmoja wetu mjamzito anayehofia kuchanjwa. Je, asubiri hadi ajifungue?

Mteknolojia Mkongwe

Asisubiri. Chanjo ya homa ya ini B haina kirusi hai na inaruhusiwa katika ujauzito, ilhali akiambukizwa sasa anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Apimwe kwanza kama kliniki ya wajawazito inavyotaka, achanjwe, na kazi ya makohozi apangiwe mwingine hadi hewa ya chumba hicho itakaporekebishwa.