Kitindamlo cha jibini laini na stroberi kinakataa kuganda

Mwulizaji, Shangani, Mtwara
Habari zenu. Nimejaribu mara mbili kutengeneza kitindamlo baridi cha jibini laini, krimu na stroberi mbichi, na mara zote, ingawa kilikaa kwenye friji usiku kucha, nilipokikata kilimwagika sahanini kama uji. Jibini nililikosa dukani, hivyo nilitumia mtindi mzito. Je, kosa ni hilo, au ni joto la huku kwetu?

Mpishi wa Mikindani
Dada, mtindi hauna kosa, ila hukuuchuja. Ufunge katika kitambaa safi cha pamba, uuning'inize ndani ya friji juu ya bakuli kwa saa 12, hadi maji yatoke na ubaki mzito wa kupakika kama siagi. Krimu nayo ipoze pamoja na bakuli lake kabla ya kuipiga, kwa sababu mafuta yake yakipata joto hayashiki hewa, hata mkono uchoke.

Mkazi wa Lindi
Stroberi zilizosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hufika zikitoa maji, kwa hiyo zikaushe vizuri na uzipange juu wakati wa kuandaa tu. Kitako cha kitindamlo changu ni biskuti na korosho zilizokaangwa zikatwangwa, vikashikana kwa siagi; biskuti tupu, huku Kusini, naona ni uvivu. Ukitumia jelatini (kigandishi cha vitindamlo) pamoja na nanasi au papai, matunda hayo yapike kwanza, maana yakiwa mabichi huizuia jelatini isigande.

Mwulizaji
Ahsanteni sana. Mtindi umeshaning'inia, na mwanangu anauliza kwa nini nimeanika maziwa kwenye friji.